Google Earth inaonyesha bahari imesogea mita 35 baada ya jirani kujenga groini: nipimeje ukweli kwa picha za setilaiti?

*Swali: Tuna nyumba ndogo ya wageni kwenye ufukwe wa mchanga kaskazini mwa Dar es Salaam, njia ya kuelekea Bagamoyo. Mwaka 2017 jirani wetu wa upande wa kusini alijenga groini, yaani tuta la mawe lililoingia baharini kama mita 60. Nimefungua picha za zamani kwenye Google Earth na kulinganisha ya Januari 2015 na ya Agosti 2023: maji yamesogea mita 35 kuja kwetu. Nikajaribu pia picha za bure za Sentinel-2, zikanichanganya zaidi. Wiki hii ufukwe ni mpana ajabu, wiki ijayo haupo. Je, hizo mita 35 ni kweli? Naweza kuthibitisha kwamba ni groini, na picha hizi zinatosha kupeleka malalamiko? Na je, nijenge ukuta kabla sijachelewa?*

Ndugu msomaji, wasiwasi wako una msingi. Umekaa kaskazini mwa groini kwenye mwambao ambao mchanga wake husafiri zaidi kuelekea kaskazini, na hapo ndipo mahali pa kutarajia ufukwe kumegwa. Lakini hiyo namba ya mita 35 usiipeleke popote kwa sasa. Ndani yake kuna mambo matatu yaliyochanganyika: kujaa na kupwa kwa maji, majira ya upepo, na mmomonyoko wenyewe. La tatu ndilo unalolitafuta. Picha za bure zinaweza kukusaidia kuyatenganisha, ila kwanza uelewe setilaiti inaona nini inapopita juu ya pwani yetu.

Kosa la kwanza, na wengi hulifanya, ni kudhani kwamba mstari wa maji kwenye picha ndio mwisho wa ufukwe. Ule ni ukingo wa maji kwa sekunde ile picha ilipopigwa. Dar es Salaam maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa kiasi kikubwa kabisa, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu, siku ambazo hujaa na kupwa kidogo, hushuka hadi karibu mita 1. Sasa fikiria mteremko wa ufukwe wako. Ikiwa kwa kila mita 12 za kwenda ndani unapanda mita 1, tofauti ya mita 1.5 ya kina cha maji kati ya picha mbili inasogeza mstari mita 18 bila hata chembe moja ya mchanga kuondoka. Sehemu ya chini, mchanga unapokutana na tambarare la majani ya bahari, mteremko ni mdogo zaidi, na huko mita 1.5 hiyohiyo huweza kusogeza mstari mita mia au zaidi. Ufukwe "mpana ajabu" uliouona kwenye Sentinel-2 kwa sehemu kubwa ni hilo tambarare likiwa limekauka.

Hapa kuna jambo ambalo miongozo mingi ya mtandaoni hailitaji kwa sababu imeandikwa kwa ajili ya pwani nyingine. Setilaiti za Landsat na Sentinel-2 hupita juu ya kila mahali kwa saa ileile ya jua, nasi hutupitia kati ya saa nne na nusu na saa tano kasoro asubuhi. Mvuvi yeyote wa Kunduchi atakwambia kwamba siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alasiri kuelekea saa kumi na hukauka asubuhi kuelekea saa nne au saa tano. Maana yake, kwa pwani yetu setilaiti hizi zikipita siku ya bamvua hukuta bahari imekauka kabisa. Zikipita siku za maji mafu, hukuta maji yamejaa, ingawa ni kujaa kule kudogo kwa maji mafu. Maji makuu ya bamvua, yale yanayogonga ukuta wako na kuchimba mizizi ya mivinje, hazijawahi kuyaona na hazitayaona. Kati ya picha ya bamvua na ya maji mafu usawa wa maji hutofautiana takriban mita 2, ndiyo maana picha zako za wiki mbili mfululizo zinapingana.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi yako ni hii: tumia picha za maji mafu peke yake. Siku hizo maji huwa yameupita ukingo wa tambarare na yamegusa ule mteremko wa mchanga wenyewe, mahali ambapo mstari una maana. Kuzipata si kazi. Maji mafu huja siku moja au mbili baada ya nusu ya mwezi, yaani karibu na tarehe 8 na 9, kisha 22 hadi 24 za mwezi wa Kiislamu. Baada ya hapo hakikisha kwa jedwali la kujaa na kupwa la Dar es Salaam linalotolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari. Angalia sana saa: picha huandikwa kwa saa ya dunia, UTC. Ikisema 07:40, ongeza saa 3, nayo ni saa 4:40 asubuhi kwa saa yetu ya Kiswahili. Nimeona hesabu nzuri zikiharibika hapa tu. Saa 3 kwenye bahari yetu ni nusu ya safari nzima ya maji kutoka kujaa hadi kupwa.

Ukichanganya picha zote bila kuchagua, utapata kosa baya zaidi kwa sababu linafanana na ukweli. Landsat moja hurudi kila baada ya siku 16, wakati mzunguko kutoka bamvua hadi bamvua ni siku 14 na robo tatu hivi. Kwa hiyo kila picha humkuta mwezi ametangulia kidogo kuliko picha iliyopita, na huchukua takriban siku 191 mpaka setilaiti ikute maji katika hali ileile ya mwanzo. Ukichora mistari hiyo kwenye grafu, ufukwe utaonekana unapanuka na kusinyaa kwa mzunguko wa zaidi kidogo ya miezi sita. Mtu ataapa kwamba ni pepo za kusi na kaskazi. Kumbe ni bahari inajaa na kupwa, imevaa sura ya majira.

Majira nayo yana nguvu yake ya kweli. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Oktoba, mawimbi huja kutoka kusini-mashariki na kuusukuma mchanga kaskazini kandokando ya ufukwe. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, husukumwa kusini, kwa nguvu ndogo zaidi. Hesabu ya mwaka mzima kwa eneo lenu huishia kaskazini. Sasa tazama picha zako mbili: ya Januari ni ya kaskazi, ya Agosti ni ya katikati ya kusi. Agosti, mchanga wa upande wako wa groini unaondoka kuelekea Bagamoyo na ule unaotoka kusini umekwama nyuma ya mawe ya jirani. Umechukua mwezi mbaya kuliko yote kwa sehemu uliyopo, ukaulinganisha na mwezi wenye nafuu. Linganisha Agosti na Agosti, Januari na Januari. Kama unataka mwaka mmoja utoe namba moja, chukua picha za Juni hadi Septemba tu: mawingu ni machache kuliko wakati wa masika, na kwa Sentinel-2 utapata picha kama nne hadi sita za maji mafu zinazosomeka.

Sasa groini yenyewe inafanya nini? Haizalishi mchanga na haiuharibu, inauzuia njiani. Upande wa kusini mchanga hurundikana na ufukwe husonga baharini, karibu na mawe kuliko mbali. Upande wa kaskazini mawimbi yanaendelea kusukuma mchanga kama kawaida ila hakuna unaokuja kujaza pengo, hivyo ardhi yenyewe ndiyo inayolipa. Umegaji huwa mkubwa karibu na mawe, kisha hupungua kadiri unavyokwenda kaskazini. Mfuko wa kusini ukijaa, mchanga huanza kuzunguka ncha ya tuta, na kasi ya upande wako hupungua ingawa mita zilizokwisha kupotea hazirudi zenyewe.

Hii ndiyo alama ya kidole utakayoitafuta, na ina sehemu nne: kusini kumepanuka, kaskazini kumemegwa, mabadiliko yameanza karibu na mwaka wa ujenzi, na yanafifia ukienda mbali na mawe pande zote mbili. Ukizipata zote nne, una hoja nzito. Ukikuta pande zote mbili zimemegwa kwa kasi inayolingana, shida yako ni kubwa kuliko jirani: mchanga hauji tena kutoka chanzo chake. Kwa mwambao wa Kunduchi na Mbezi hilo linajulikana. Uchimbaji wa mchanga wa ujenzi kwenye mito inayoshuka huko, kama Mbezi na Tegeta, umekuwa ukitajwa na watafiti kwa miaka mingi miongoni mwa sababu za fukwe za hoteli kuliwa. Na ukikuta umegaji ulianza 2010, miaka saba kabla ya jiwe la kwanza, uwe tayari kukubali hivyo pia.

Anza kazi kwenye Google Earth hapohapo, toleo la kompyuta, lakini uache mstari wa maji. Google Earth inakupa tarehe bila saa, kwa hiyo huwezi kujua maji yalikuwa wapi. Pima mstari wa mimea: mahali mchanga mtupu unapoishia na majani yanayotambaa au kingo ya udongo inapoanza. Mstari huo haujali kujaa na kupwa, na haukimbii kila msimu. Zile picha kali zina pikseli, yaani vitone vinavyounda picha, za karibu nusu mita, kwa hiyo kwa kiwanja kimoja ndicho kipimo bora kabisa ulicho nacho bila kutoka nyumbani. Tahadhari ni mbili. Picha za miaka tofauti hazikai moja juu ya nyingine sawasawa. Zinaweza kuteleza mita kadhaa. Tafuta vitu visivyohama vilivyo usawa wa ardhi, kama makutano ya barabara au kona ya sakafu ya kisima, uweke alama kwenye kila picha, halafu uondoe mtelezo huo kwenye vipimo vyako. Usitumie kona ya paa, maana jengo refu huegemea upande mmoja kwa pembe ya kamera. Ya pili ni miti: matawi ya mivinje na minazi yananing'inia juu ya mchanga, na mti ukianguka mstari utaruka mita tano siku moja ilhali kingo haijasogea kiasi hicho. Chora kwenye shina kama unaliona. Usipoliona, ruka sehemu hiyo.

Kisha njoo kwenye picha za bure zinazorudi mara kwa mara. Sentinel-2 ilianza 2015 na kuwa mbili angani kuanzia 2017, ikipita kila baada ya siku 5 kwa pikseli za mita 10. Groini ya jirani ni ya 2017, kwa hiyo Sentinel-2 peke yake inakupa historia fupi mno ya "kabla", na bila "kabla" huna kesi. Ongeza Landsat 8 ya tangu 2013, na Landsat 5 na 7 kwa miaka ya nyuma hadi 1984. Pikseli zake ni za mita 30, ingawa Landsat 7 na 8 zina ukanda wa picha nyeusi na nyeupe wa mita 15 unaosaidia kunoa. Picha za Landsat 7 baada ya Mei 2003 zina michirizi mitupu iliyosababishwa na kifaa kilichoharibika angani. Mchirizi ukikatiza kiwanja chako, iache picha hiyo.

Una njia mbili za kuchora mistari. Kama huna mtu wa kuandika programu, pakua picha kutoka Copernicus Browser, zifungue kwenye QGIS, programu ya ramani ya bure, na ukokotoe kipimo cha maji kwa ukanda wa kijani na ule wa infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho: kijani toa infraredi, gawa kwa kijani jumlisha infraredi. Maji hutoa namba za juu, mchanga za chini, na mpaka kati yao unachorwa kama mstari wa kontua, ambao hupita hata katikati ya pikseli. Usichukue sifuri kuwa mpaka kwa mazoea. Tazama grafu ya mgawanyo wa namba za picha ile. Kuna vilima viwili, na mpaka ni bonde lililo kati yake. Kama unaye kijana anayejua lugha ya programu ya Python, mpe CoastSat, zana ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia. Inavuta picha za Landsat na Sentinel-2 zenyewe, inachora mistari na kurekebisha kujaa na kupwa. Kwenye fukwe ilikojaribiwa, mstari mmoja ulikuwa na kosa la kawaida la takriban mita 10. Iweke namba hiyo kichwani kila unapoona mabadiliko ya mita 6 ukataka kupiga kelele. Vilevile pitia kila mstari kwa macho kabla ya kuukubali. Marundo ya majani ya bahari yaliyotupwa ufukweni ni meusi na yamelowa, na kompyuta huyasoma kama maji au mimea; povu la mawimbi nalo husomeka kama mchanga mweupe.

Chora mistari ya vipimo inayokata ufukwe kutoka nchi kavu kwenda baharini, kila baada ya mita 25. Kwa groini ya mita 60, nenda angalau mita 600 kila upande, kisha ongeza mistari mingine mitano au sita kilomita kadhaa kutoka hapo, kwenye ufukwe wa aina hiyohiyo usio na tuta wala ukuta. Hiyo ya mbali ndiyo itakayokuambia mwambao mzima unafanya nini. Ikiwa huko kumemegwa mita 4 na kwako mita 16, groini inadaiwa maelezo ya mita 12, zile 4 si zake.

Baada ya kuchagua picha za maji mafu bado patabaki tofauti ndogo za usawa wa maji, na hizo zinarekebishika. Chagua usawa mmoja wa rejea, tuseme mita 2.0 kwenye jedwali la bandari. Ikiwa picha ilipigwa maji yakiwa mita 1.4, yalikuwa mita 0.6 chini ya rejea. Kwa mteremko wa 1 kwa 12, zidisha 0.6 kwa 12: sogeza mstari mita 7.2 kuelekea nchi kavu. Mteremko upime mwenyewe, usiukisie. Chukua mpira mwangavu wenye maji, ule mafundi wanaoutumia kupata usawa wa msingi, na fimbo mbili zenye alama za sentimita. Shuka kutoka kwenye kingo hatua ya mita 2 kwa mita 2, andika umeshuka sentimita ngapi. Fanya hivyo mahali pasipopungua patatu, kwa kuwa mteremko wa karibu na mawe haufanani na wa mita 200 kaskazini, na urudie kwenye kusi na kwenye kaskazi.

Karibu na mawe yenyewe picha hizi hudanganya, na hilo lazima uliseme wazi kwenye ripoti yako. Pikseli ya mita 10 inayogusa groini ina mawe, maji na mchanga kwa pamoja. Mstari utapanda juu ya tuta kama pembe na kushuka upande wa pili, na ukiuacha hivyo utaonekana kama ufukwe ulioongezeka mita 60. Ondoa vipimo vyote vilivyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye mawe kila upande kwa Sentinel-2, na mita 60 kwa Landsat. Bahati mbaya, hizo mita 30 za kaskazini ndizo zinazochimbwa vibaya kuliko zote. Sehemu hiyo ipime kwa picha kali za Google Earth na kwa futi ya mkononi.

Kuna kitu kingine kinachodanganya picha: ukuta wa bahari. Maji yakishaufikia ukuta, mstari hauwezi kurudi nyuma tena. Grafu inakuwa tambarare, na anayeisoma haraka huandika "ufukwe umetulia". Ufukwe haujatulia, umekwisha. Ukuta umesimama mahali ulipokuwa. Mbele yake mchanga unaendelea kushuka na kina kuongezeka bila picha kuonyesha. Ukiwa na mistari inayopita kwenye kuta, acha kupima kasi ya mstari, hesabu badala yake ni picha ngapi za maji mafu kwa mwaka zinaonyesha mchanga mkavu mbele ya ukuta. Ikiwa 2014 zilikuwa tano kati ya tano na 2023 ni moja kati ya tano, umepata jibu.

Ukishakuwa na mistari, chukua kwa kila mwaka ile ya katikati miongoni mwa picha za msimu mmoja, ndipo uchore mstari mnyoofu wa kasi kwa miaka kabla ya 2017 na mwingine kwa miaka baada yake. Usilinganishe picha ya kwanza na ya mwisho. Picha mbili, kila moja na kosa la mita 10, zina kosa la pamoja la kama mita 14. Kwa miaka minane hiyo ni karibu mita 1.8 kwa mwaka za kelele tupu. Kwa picha tano kila mwaka, hata kasi ya mita 1 kwa mwaka huanza kuonekana. Mita 35 zako zikipita kwenye chujio hili, sitashangaa zikishuka hadi nusu au chini ya hapo. Hata mita 12 za kweli, zikionekana kaskazini tu na kuanza 2017, zina nguvu kuliko 35 ambazo mtaalamu wa upande wa pili atazivunja kwa jedwali la maji.

Je, zinatosha kupeleka malalamiko? Kufungua mlango, ndiyo. Ujenzi wa namna hii ufukweni unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuathiri ufukwe ndani ya mita 60 kutoka baharini pasipo utaratibu wake. Andikia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ofisi ya kanda, na nakala kwa halmashauri na serikali ya mtaa. Uliza kama tathmini ilifanyika na masharti yake yalikuwa yapi, hasa kuhusu ufuatiliaji wa ufukwe wa upande wa kaskazini. Ambatisha ramani moja, grafu mbili, orodha ya picha zenye tarehe, saa na usawa wa maji, na maelezo ya makosa ya upimaji. Lakini mahakamani au kwenye fidia picha za mita 10 hazitabeba mzigo peke yake. Hapo unahitaji mpima ardhi aliyesajiliwa mwenye vifaa vya kupima kwa sentimita, akiunganisha kipimo chake na mawe ya mipaka ya hati yako.

Kuhusu ukuta, nakusihi usubiri. Ukuta wa wima hurudisha nguvu ya wimbi chini, huchimba mchanga ulio mbele yake, na mwisho wake wa kaskazini huhamishia umegaji kwa jirani yako anayefuata. Yeye atajenga wake, na ufukwe wote utageuka mawe. Kwa nyumba ya wageni hiyo ni hasara ya biashara hata kama jengo limepona. Zungumza kwanza na jirani wa kusini, ukiwa na grafu mkononi. Kufupisha groini, kushusha kimo chake ili mchanga upite juu maji yakijaa, au kuhamisha mchanga uliorundikana kwake kuuleta kwako kila msimu, vyote vinawezekana na vingine ni nafuu kuliko ukuta. Havifai kufanywa kwa kukisia. Vinahitaji mhandisi wa pwani na kibali. Kwa upande wako usikate mimea ya kingo, usiruhusu mchanga kuchotwa, na chochote kipya kijengwe nyuma kadiri kiwanja kinavyoruhusu.

Subira hiyo ina kikomo. Pigilia leo kigingi cha zege nyuma ya nyumba, mahali salama, na pima kwa futi hadi ukingo wa kingo kila mwezi siku ya maji mafu, pamoja na picha ya simu kutoka sehemu ileile. Ikiwa ukingo umebakiza chini ya mita 10 kufika kwenye msingi, ukiona nyufa za mshazari kwenye kuta za upande wa bahari, shimo la maji taka limeanza kuchungulia, au umepoteza zaidi ya mita 2 ndani ya kusi moja, funga kompyuta. Ita mhandisi aje aone msingi kabla ya bamvua inayofuata, toa wageni kwenye vyumba vya mbele, na uijulishe halmashauri kwa maandishi siku hiyohiyo. Kwa upimaji wa kisayansi unaweza pia kuwaona wataalamu wa bahari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Kunduchi au kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar. Waendee na jedwali lako la vipimo vya kila mwezi, maana hicho ndicho kitu ambacho setilaiti haiwezi kuwapa.